Neno "Separate" na Yule Aliyetenga

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo wanafunzi wetu huyajua mapema, wakayatumia kwa wepesi pasipo kuyataamali, ni sifa hii ya *separate*. Asili yake ni Kilatini, katika neno la kutenga kitu kikawekwa tayari mahali pake. Na ile herufi *a* ya katikati, ambayo hata Waingereza wenyewe aghalabu huikosea wakaandika *e*, ni alama ya asili hiyo. Likiwa kitenzi, mwisho wake hutamkwa "reit". Likiwa sifa, sauti hiyo hufifia ikawa "rit", na pamoja nayo hufifia jambo kubwa zaidi, nalo ni mtendaji.

Kiswahili hakina sifa moja ya namna hiyo. Mpakuzi akiambiwa, "Wali mbali, mchuzi mbali," ameelewa. Bali wanapotajwa watu, yatubidi tuseme kama wametengana kwa hiari yao au wametengwa na mtu. Na mfasiri aandikaye kwamba mume na mke walilala "vyumba mbalimbali" amepotea njia, kwani mbalimbali ni wingi wa namna. Alipaswa kusema walilala kila mtu chumba chake.

Kwamba sifa hii yaweza kumficha mtendaji, ushahidi upo katika sheria za Marekani. Mwaka 1890 jimbo la Louisiana liliamuru wasafiri weupe na weusi wapewe mabehewa ya treni yaliyo sawa lakini *separate*, ila yaya amleaye mtoto wa rangi nyingine hakuguswa na amri hiyo. Yaani mwanamke mweusi aliyempakata mtoto mweupe aliruhusiwa kuketi palepale ambapo, lau angalikuwa peke yake, angalikamatwa. Tarehe 7 Juni 1892, mjini New Orleans, Homer Plessy, ambaye sehemu moja tu katika nane ya nasaba yake ilikuwa ya Kiafrika, aliketi makusudi katika behewa la weupe, akatiwa mbaroni. Kesi ilipofika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1896, mahakimu 7 waliihalalisha sheria, wakadai kwamba weusi wakiona unyonge ndani yake, basi tafsiri hiyo ni yao wenyewe. Hakimu Harlan peke yake ndiye aliyepinga.

Miaka 58 ilipita. Tarehe 17 Mei 1954 mahakimu wote 9 wa mahakama hiyo hiyo waliafikiana kwamba skuli zilizotengwa haziwezi kamwe kuwa sawa; na Earl Warren, aliyeiandika hukumu, pamoja na kuitaja sifa ile, alikileta pia kitenzi chake, akaeleza kwamba kuwatenga watoto na wenzao wa umri wao kwa sababu ya rangi tu ndiko kunakowatia huo unyonge mioyoni.