Kofia ya LA unaivaa, lakini unamjua aliyeibiwa Sh2.2 bilioni na rafiki yake?

Pita Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni uhesabu kofia. Za NY utachoka, halafu zinafuata za LA, zile za samawati zenye herufi mbili zilizoshikana. Nyingi zimetoka Gikomba ama Toi, na ukimsimamisha mwenye kofia umuulize LA ni nini, atakwambia ni Los Angeles, imeisha hiyo. Sawa, lakini hiyo ni timu ya besiboli, msee wangu. Inaitwa Dodgers. Na ndani ya hiyo timu kuna jamaa kwa jina Shohei Ohtani ambaye maisha yake nje ya uwanja yangekuwa filamu, ungesema mwandishi ametia chumvi.

Najua besiboli haina mashabiki huku kwetu. Kitu cha karibu zaidi ambacho wengi wetu tumewahi kuona ni ule mchezo wa raundazi ambao wasichana walicheza shule ya msingi. Kwa hivyo nikupe kwa ufupi. Kuna anayerusha mpira na kuna anayeupiga kwa gongo. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kwenye ligi kubwa ya Marekani mtu huchagua moja akiwa mdogo na kuifanya mpaka astaafu. Ohtani anafanya zote mbili. Chukua kipa wa Gor Mahia, halafu umwambie kipa huyo huyo awe mfungaji bora wa ligi. Kabla yake, wa mwisho kufanya hivyo kwa kiwango kikubwa alikuwa Babe Ruth, na hiyo ni zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Alizaliwa Julai 5, 1994, mjini Oshu, mkoa wa Iwate, kaskazini mwa Japani. Si mji wa mastaa. Babake alicheza besiboli ya timu za kampuni, mamake alicheza badminton. Akiwa shule ya upili ya Hanamaki Higashi, kocha wao aliwapa karatasi yenye visanduku 81. Katikati unaandika lengo lako kubwa, halafu unalizungushia vitu vya kufanya kila siku ili ulifikie. Lake lilikuwa kuchaguliwa namba moja na klabu 8 za Japani. Kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa kulikuwemo, na alifikisha kasi hiyo kabla hajamaliza shule. Lakini kulikuwa pia na sehemu ya "bahati", na chini yake kijana huyu aliandika vitu kama kusalimia watu, kuokota takataka na kusafisha chumba. Hadi leo kamera humnasa akiinama kuokota karatasi uwanjani. Mimi napenda hiyo hadithi lakini pia inanitisha kidogo. Ukiwa na miaka 16 na maisha yako tayari yako kwenye visanduku 81, unapumua saa ngapi?

Wakenya tunaijua hiyo sehemu ya dunia zaidi ya vile tunavyodhani. Samuel Wanjiru alitoka kwao Nyahururu mwaka wa 2002 akiwa na miaka 15, akaenda kusoma na kukimbia katika shule ya Sendai Ikuei, mkoa wa Miyagi, unaopakana na Iwate alikokulia Ohtani. Alijifunza Kijapani, akatuletea dhahabu ya kwanza ya marathoni kwenye Olimpiki kule Beijing 2008, na Mei 2011 akafariki akiwa na miaka 24 baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu. Kabla hajafa, ndoa yake na pesa zake zilikuwa zimegeuzwa habari za kila siku. Ukikumbuka hayo, haya ya Ohtani hutayasoma kama udaku wa mbali.

Turudi kwa jamaa. Alihamia Marekani mwishoni mwa 2017 akajiunga na Los Angeles Angels. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na timu ikamwajiri mkalimani, Ippei Mizuhara, aliyezaliwa Japani na kukulia California. Walikuwa wamefahamiana tayari kwenye klabu ya Fighters huko Japani. Hapa nisome polepole, kwa sababu kisa chote kimelala hapa.

Mizuhara hakuwa mtu wa kutafsiri mahojiano peke yake. Alimwendesha kwa gari. Alimnunulia vitu dukani. Mazoezini yeye ndiye alikuwa wa kurusha naye mpira. Kocha akitaka kusema kitu na Ohtani, anapitia kwa Mizuhara. Daktari pia. Ajenti wake, anayesimamia mikataba ya mamilioni, hakujua Kijapani, naye pia anapitia kwa Mizuhara. Yaani kati ya huyu staa na nchi nzima ya Marekani kulikuwa na mlango mmoja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja.

Mwaka wa 2018 walienda pamoja benki huko Arizona kufungua akaunti ya kuingizia mshahara. Mizuhara akatafsiri maelezo. Mwishoni mwa 2021 alikuwa ameanza kubeti na jamaa wa kamari haramu huko California, akapoteza, akabeti zaidi kurudisha, akapoteza tena. Unaijua hiyo njia. Kama hujaipita wewe, kuna mtu kwenye ploti yenu anaipita sasa hivi, ako kwenye kindege cha simu saa nane usiku na kodi ya nyumba haijalipwa. Tofauti ni kwamba Mizuhara alikuwa na akaunti ya Ohtani karibu.

Alibadilisha namba ya simu na barua pepe kwenye akaunti ili benki ikiuliza jambo, imuulize yeye. Alipiga simu benki akajiita Shohei Ohtani. Sauti ya simu moja ilitolewa na viongozi wa mashtaka: anaulizwa jina, anajibu bila kigugumizi. Anaulizwa hizi dola 200,000 ni za nini, anasema ni mkopo wa gari la rafiki. Ajenti na wahasibu walipotaka kuiona hiyo akaunti, aliwaambia Ohtani anataka ibaki siri yake binafsi. Nani angeuliza zaidi, na wa kumuuliza ni yule yule?

Kwa mujibu wa mashtaka, kati ya Desemba 2021 na Januari 2024 aliweka beti karibu 19,000. Hiyo ni kama 25 kila siku. Alishinda zaidi ya dola milioni 142 na akapoteza karibu milioni 183. Piga hesabu mwenyewe. Shimo lilibaki la karibu dola milioni 41, na karibu milioni 17 kati ya pesa alizolipia zilitoka kwa Ohtani bila yeye kujua. Kwa kiwango cha Sh130 kwa dola, hizo ni Sh2.2 bilioni. Wachunguzi hawakupata ushahidi kwamba alibetia besiboli, na hawakupata ushahidi kwamba Ohtani alijua.

Halafu kuna hii ya meno, ambayo kwangu inauma kuliko mabilioni. Ohtani alikubali kumlipia matibabu ya meno, dola 60,000, akatoa hundi. Mizuhara akaiweka hundi kwenye akaunti yake mwenyewe, halafu akalipia meno kwa pesa za Ohtani kutoka akaunti nyingine. Mtu amekubali kukusaidia, na bado unamwibia kwa huo huo msaada.

Wakati haya yanaendelea chini kwa chini, juu jamaa alikuwa anapaa. Septemba 2023 alifanyiwa upasuaji wa kiwiko kwa mara ya pili, wa kwanza ukiwa 2018. Desemba hiyo, akiwa bado hawezi kurusha mpira, Dodgers walimpa mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10. Zaidi ya Sh90 bilioni. Lakini dola milioni 680 za hizo hazitalipwa mpaka 2034 kuendelea. Kwa sasa anachukua milioni 2 kwa mwaka ili klabu ibaki na pesa ya kusajili wachezaji wengine. Matangazo ya biashara yanamlipa vizuri kupita kiasi, kwa hivyo usimwonee huruma.

Huruma labda iende kwa mambo mengine. Novemba 2023 alionekana kwenye runinga na mbwa, na kwa wiki kadhaa waandishi wa habari walihangaika kujua mbwa anaitwaje. Mbwa! Alipotaja jina, Dekopin, ikawa habari kuu. Kwa hivyo unaelewa kwa nini Februari 29, 2024, alipotangaza kwenye Instagram kwamba ameoa, hakutaja jina la mke. Alisema tu ni Mjapani wa kawaida. Wiki mbili baadaye, timu ikielekea Seoul kwa mechi za kufungua msimu, ndipo picha ikatoka: Mamiko Tanaka, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa vikapu.

Sasa weka hizo tarehe pamoja. Picha ya mke ilitoka katikati ya Machi. Machi 20 Dodgers walicheza mechi ya kwanza Seoul, na baada ya mechi Mizuhara akasimama mbele ya timu chumba cha kubadilishia nguo akaeleza kwamba ana tatizo la kamari. Aliongea Kiingereza. Ohtani alikuwa amekaa pale pale, akishika neno moja hapa na lingine pale, akihisi kuna kitu hakiko sawa. Mtu wa kumtafsiria ndiye aliyekuwa anaongea. Walienda kuongea wawili hotelini usiku huo, na hapo ndipo alipojua.

Kilichofuata ni siku kadhaa ambazo nusu ya mtandao ilimwita mcheza kamari aliyemsukumia rafiki lawama. Mizuhara mwenyewe mwanzoni aliambia wanahabari kwamba Ohtani alimlipia deni kwa hiari, halafu akageuka. Machi 25 Ohtani alisoma taarifa mbele ya kamera akiwa na mkalimani mwingine, akasema hajawahi kubeti na kwamba ameibiwa, hakuchukua maswali, akaenda kufanya kazi.

Na kazi aliifanya. Hapo ndipo nashindwa kumwelewa. Mimi nikiachwa bila kujibiwa ujumbe siku mbili sishiki kalamu. Huyu aliyeibiwa na rafiki wa karibu alimaliza 2024 akiwa mtu wa kwanza katika historia ya ligi hiyo kupiga mikwaju 50 ya kutoka nje ya uwanja na kuiba besi 50 msimu mmoja. Siku aliyovuka hiyo 50-50, Septemba 19 kule Miami, alipiga mara sita na kufaulu zote sita, tatu kati yake zikitoka nje. Oktoba timu ikachukua ubingwa, naye akimalizia fainali na bega lililoteguka.

Katikati ya hayo yote, vituo viwili vikubwa vya runinga vya Japani vilionyesha nyumba aliyonunua, picha za juu na kila kitu. Dodgers walivinyima vibali, na mmoja wao, Fuji TV, ukaomba radhi hadharani. Unatafuta mahali pa kulala na mke wako, na asubuhi taifa zima linajua paa lako lina rangi gani.

Mizuhara alikiri mashtaka Juni 2024. Kwenye barua kwa jaji alilalamika kwamba mshahara ulikuwa mdogo na kazi haikuwa na saa, alikuwa kama mtumishi wa kila wakati. Sehemu hiyo ninaiamini kidogo. Kuwa kivuli cha staa kunachosha. Lakini viongozi wa mashtaka walikuja na rekodi za benki kuonyesha hakuwa fukara alipoanza kuiba, na hapo hoja ikafa. Na kuna jambo lingine: vitabu vya timu vilikuwa vimeandika kwamba alihitimu Chuo Kikuu cha California, Riverside. Wanahabari walipouliza, chuo kikasema hakina rekodi ya mwanafunzi huyo. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili na kwenye wasifu wangu imeandikwa hivyo hivyo, kwa hivyo hapa nilicheka peke yangu kwa matatu.

Februari 6, 2025, alihukumiwa miaka minne na miezi tisa jela, na kuamriwa kumrudishia Ohtani karibu dola milioni 17, pamoja na zaidi ya milioni moja kwa mamlaka ya ushuru. Atazitoa wapi, hiyo ni hesabu yake.

Aprili mwaka huo Ohtani akapata binti. Aliachana na mechi mbili kwa ajili ya kuzaliwa kwake, akaweka picha moja Instagram. Kwenye picha kuna miguu midogo na mikono ya wazazi. Sura ya mtoto hakuiweka, jina pia hakulitaja.

Juni 16, 2025, siku ya Jumatatu, Mizuhara aliripoti kwenye jela ya serikali huko Pennsylvania kuanza kifungo. Jioni hiyo hiyo, upande wa pili wa nchi, Ohtani alipanda kilima cha warushaji kwa mara ya kwanza akiwa na jezi ya Dodgers, karibu miaka miwili tangu kiwiko kimpasuke. Alirusha mipira 28, akafungwa pointi moja, akatoka. Halafu akachukua gongo akaenda kupiga.