Urembo wa asili Kigoma: Kipi utengenezee hereni, kipi ukiache ziwani

Kigoma. Ukipitia TikTok au Instagram siku hizi hukosi kuuona: ngozi isiyotiwa rangi, hereni za mbao, vidani vya mawe na pembe vilivyofungwa kwa kamba. Ni mtindo wa kikauboi wa Marekani, na umezidi kuonekana tangu Beyoncé atoe albamu ya Cowboy Carter Machi 2024.

Kwa kijana wa Rusimbi, Mwanga au Ujiji anayetafuta cha kufanya kwa mikono yake, mtindo huu una habari njema. Haudai dhahabu wala mashine kubwa. Unadai vitu vya asili na subira, na vitu vya asili Kigoma vimejaa.

Tatizo ni kwamba si kila kinachookoteka ni cha kuokota. Ganda la konokono linaweza kuwa nyumba ya samaki. Mbegu nyekundu inaweza kumuua mtoto. Na unyoya mmoja tu unaweza kukufikisha mahakamani.

Haya hapa ni mambo ya kujua kabla hujashika msumeno.

Siri ya mtindo wenyewe

Sehemu kubwa ya urembo unaoitwa wa kikauboi haikubuniwa na makauboi. Ilitoka kwa jamii za wenyeji wa kusini magharibi mwa Marekani, wakiwamo Wanavajo, ambao walianza kufua fedha katika karne ya 19 na baadaye kuipamba kwa feruzi, jiwe la rangi ya bluu na kijani linalochimbwa kwenye ardhi ya huko.

Yaani walitumia kilichokuwa karibu yao. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria inayokataza kuuza kitu kwa kudanganya kwamba kimetengenezwa na wenyeji hao.

Somo kwa fundi wa Kigoma liko hapo: usihangaike kutafuta feruzi ya plastiki kutoka dukani ili ufanane na Texas. Tumia cha kwenu, na useme ni cha kwenu.

Ujiji iliwahi kununua samaki kwa shanga

Hili si jambo geni mwambao huu. Karne ya 19, kabla ya sarafu kuenea, sokoni Ujiji bei zilitajwa kwa shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vifupi vya mrija wa kiko uliovunjika.

Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliandika kwamba soko lilipofunguliwa walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi. Mnunuzi aliwapa shanga zake za aina nyingine, wakambadilishia. Soko lilipofungwa, wauzaji waliwarudishia sofi, na wabadilishaji walipata faida mara zote mbili. Ni biashara ya kubadilisha fedha kabisa, ila kwa shanga.

Upande wa Uganda, neno la Kiganda ensimbi, ambalo leo ni pesa, lilikuwa jina la kauri, yale magamba madogo meupe ya baharini. Kwa hiyo anayevaa simbi shingoni anavaa kilichokuwa fedha ya bibi zake.

Anza na kinachotupwa: ganda la mise

Kigoma ni mkoa wa michikichi. Mawese yakishakamuliwa hubaki kokwa. Kokwa ikipasuliwa hutoka mise, na ganda lake gumu jeusi huishia jikoni kama kuni, au hutupwa.

Ganda hilo ni malighafi nzuri. Likisuguliwa linang'aa kama pembe, halinyonyi maji haraka na halivunjiki ovyo. Ukiikata kokwa kwa kuikingama unapata vipete vidogo vya kutungia hereni au bangili.

Ila aina ya mchikichi ina maana. Ile ya zamani, inayoitwa dura, ina ganda nene la milimita 2 hadi 8. Aina bora ya tenera, ambayo kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikiizalisha ili wakulima wapate mafuta mengi zaidi, ina ganda jembamba, kati ya nusu milimita na milimita 4. Kwa mkulima hiyo ni neema. Kwa fundi wa urembo, ni afadhali aombe kokwa za michikichi ya kizamani.

Hatua kwa hatua

1. Chemsha kokwa au maganda kwenye maji yenye sabuni ili mafuta yatoke. Mafuta yakibaki huchacha, na hereni itanuka.
2. Anika siku kadhaa kivulini. Jua kali linapasua.
3. Bana kwenye jiliwa, kata kwa msumeno wa chuma. Usishike kwa vidole, kokwa ni ya mviringo na huteleza.
4. Toboa kwa drili ndogo ya milimita 1.5 au 2, taratibu, kabla hujasugua.
5. Sugua kwa msasa wa namba 120, kisha 240, kisha 400, umalizie na 600. Loanisha msasa wa kuhimili maji ili vumbi lisiruke, na vaa barakoa. Vumbi hilo si la kuvuta.
6. Pakaa nta ya nyuki kidogo, kisha futa kwa kitambaa hadi ing'ae. Usitumie mafuta ya kupikia, hayakauki.
7. Tunga kwa uzi wa katani, kamba ya ngozi au nailoni.

Hatua hizohizo zinafaa kwa vipande vya mninga vinavyobaki kwa seremala, ukiacha kuchemsha, na kwa pembe za ng'ombe kutoka machinjioni. Pembe ina faida ya ziada: ikipata joto hulainika, unaweza kuikunja iwe bangili kabla haijapoa. Kuchemsha pembe kunanuka, kwa hiyo fanyia nje, mbali na dirisha la jirani.

Konokono: hilo ganda lina mpangaji

Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Ziwa Tanganyika lina konokono mkubwa anayeitwa kitaalamu Neothauma tanganyicense, ambaye haishi ziwa jingine lolote duniani. Ganda lake linaweza kufikia takriban sentimita 6. Ni zuri, limejizungusha vizuri, na ukilitazama tu unaona kidani.

Maji ya ziwa hili yana chumvichumvi zinazofanya maganda yasiyeyuke haraka. Konokono akifa, ganda linabaki. Kwa mamia ya miaka yamerundikana na kutengeneza mazulia ya maganda chini ya maji.

Ndani ya mazulia hayo wanaishi samaki. Kuna aina kadhaa za samaki wadogo ambao hawana nyumba nyingine. Mmoja wao, Lamprologus callipterus, dume lake hubeba maganda matupu kwa mdomo na kuyakusanya sehemu moja. Majike, ambayo ni madogo mara nyingi kuliko dume, huingia ndani ya maganda hayo kutaga na kulinda mayai.

Kwa hiyo anayepiga mbizi na kutoka na kiroba cha maganda hajaokota takataka. Amebeba mtaa mzima, pengine na watoto ndani.

Na Kigoma inajua thamani ya mazalia. Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisitishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Wavuvi walikaa nchi kavu, wauza dagaa walikosa mzigo. Haina maana mji ufunge mkanda miezi mitatu kwa ajili ya samaki, halafu nyumba zao ziuzwe kama hereni.

Je, ni marufuku kabisa kutumia ganda? Busara ni hii: usichukue lolote lililo ndani ya maji. Vipande vilivyovunjwa na mawimbi na kutupwa kwenye mchanga mkavu havina tena mpangaji, na kipande kilichosuguliwa huwa na rangi nzuri kuliko ganda zima. Isipokuwa ukiwa ndani ya Hifadhi za Taifa za Gombe na Mahale. Huko usiokote kitu, hata jiwe.

Mbegu nyekundu yenye jicho jeusi

Macho ya tipitipi yanavutia kuliko shanga yoyote ya dukani. Yana pia sumu kali iitwayo abrini. Mbegu ikiwa nzima, ganda lake gumu huizuia sumu kutoka. Lakini fundi akiitoboa ili apitishe uzi, amefungua mlango. Mtoto akiitafuna, hali inaweza kuwa mbaya sana.

Desemba 2011, kituo cha utalii cha Eden Project nchini Uingereza kililazimika kuwaomba wateja warudishe bangili zilizotengenezwa kwa mbegu hizo. Mbegu za nyonyo nazo, zile zenye madoadoa, zina sumu. Zote mbili ziache porini.

Manyoya, meno, magamba

Mtindo wa kikauboi unapenda manyoya na meno. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu pembe, meno, ngozi, mifupa, kucha, manyoya na mayai ya wanyamapori kuwa nyara. Kukutwa navyo bila kibali ni kosa, hata kama uliokota njiani.

Kwa hiyo gamba la kakakuona, ngozi ya mbega au unyoya wa tai si malighafi. Unyoya wa kuku au kanga wa nyumbani unatosha, na ukitiwa mvuke hunyooka vizuri.

Sikio nalo lina masharti

Hereni nzuri inaweza kurudishwa kwa sababu ya kiwaya chake. Chuma cha bei rahisi mara nyingi huwa na nikeli, madini yanayowasha ngozi za watu wengi. Sikio huvimba, hutoa maji, na mteja harudi. Tafuta ndoano za chuma cha pua. Waya wa shaba utumie kwa mapambo ya nje, maana huacha rangi ya kijani ukikutana na jasho.

Kuuza bila kujipunja

Kosa la kawaida ni kuhesabu uzi na ndoano tu, kwa kuwa ganda la mise lilipatikana bure. Hesabu na saa zako. Kama hereni moja imekula saa mbili, bei isiyolipa saa hizo ni hasara hata kama mfukoni imeingia hela.

Mtaji? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba kupitia ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwa mafunzo na vifaa, SIDO ina ofisi mkoani.

Na kwenye picha utakayoposti, andika wazi: hereni hii ni ganda la mise la Kigoma, limefungwa kwa katani, limepakwa nta. Mteja wa Dar au wa ng'ambo anaweza kupata plastiki popote. Mise ya Kigoma hawezi kuipata kila mahali, na ganda la konokono lililobaki ziwani litaendelea kulea samaki.