Homa ya Ini B: Dawa Mbili Si Tiba Maradufu

Nchini Kenya na Tanzania, mamilioni ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi humeza kila siku kidonge kimoja kiitwacho TLD. Ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Wengi wanaokimeza hawajui kwamba mbili za kwanza huvibana pia virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwenye maambukizi yote mawili analindwa kinga na ini kwa kidonge kilekile.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Lamivudini iliidhinishwa kutibu homa ya ini B mwaka 1998, nayo ikapokelewa kwa matumaini makubwa: ni kidonge chepesi kisicho na maudhi mengi. Baada ya miaka 5 ya kuitumia peke yake, karibu wagonjwa 70 katika kila 100 walikuwa na virusi sugu. ARV za kwanza kusambazwa kwa wingi Afrika zilikuwa stavudini, lamivudini na nevirapini. Kwa virusi vya Ukimwi, hizo zilikuwa dawa tatu. Kwa homa ya ini B, ilikuwa moja tu, lamivudini, nayo ndiyo iliyokuwa rahisi kuzoeleka.

Usugu ulipojitokeza, madaktari waliongeza dawa nyingine, adefoviri, na wakagundua kwamba kuiongeza juu ya lamivudini kulizuia usugu mpya vizuri zaidi kuliko kubadilisha moja kwa nyingine. Ndipo wazo la tiba mseto liliposhika mizizi. Kama malaria, kifua kikuu na Ukimwi hutibiwa kwa dawa mseto, kwa nini homa ya ini isitibiwe vivyo hivyo?

Jibu lilikuja na dawa zenye nguvu zaidi: entekaviri mwaka 2005, kisha tenofoviri mwaka 2008. Wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka 7 wakitumia tenofoviri hawakuonyesha usugu. Katika utafiti mmoja wa wagonjwa 379 ambao hawakuwahi kutibiwa kwa dawa za aina hii, nusu walipewa entekaviri pekee na nusu entekaviri pamoja na tenofoviri. Baada ya wiki 96, virusi vilikuwa vimeshuka hadi kiwango kilichokusudiwa kwa asilimia 76 ya kundi la kwanza na asilimia 83 ya la pili, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha kwamba mbili zinaishinda moja. Waliofaidika zaidi ni baadhi ya wale walioanza na virusi vingi mno. Ndiyo maana leo mgonjwa wa kawaida huanzishiwa dawa moja.

Sababu imo ndani ya seli ya ini. Dawa hizi zote hukaba hatua ileile, pale virusi vinapojinakili. Lakini katika kiini cha seli, virusi huacha nakala mama ya vinasaba vyao, duara dogo ambalo dawa hizi hazilifikii. Mkulima anayepambana na ndago shambani anaijua shida hii: majani hufyekwa, vitunguu vyake vikabaki ardhini vikisubiri mvua. Kuongeza fyekeo la pili hakuving'oi.

Kwa hiyo watafiti sasa wanaunganisha dawa zenye kazi tofauti. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 740. Kati ya waliopewa tenofoviri pamoja na sindano ya interferoni, inayoamsha kinga ya mwili, kwa wiki 48, asilimia 9.1 walipoteza protini ya ganda la virusi kwenye damu, ishara iliyo karibu zaidi na kupona. Kwa waliopewa interferoni pekee, ilikuwa asilimia 2.8. Kwa tenofoviri pekee, hakuna hata mmoja. Ni mafanikio madogo kwa gharama kubwa, kwani interferoni huleta homa, uchovu na hata sonona. Mwaka 2022, sindano mpya ya bepirovirseni, inayoharibu ujumbe wa vinasaba vya virusi, iliiondoa protini hiyo ya ganda kwa takriban mgonjwa 1 katika kila 10 baada ya wiki 24.

Wakati majaribio yakiendelea, dawa iliyopo haijawafikia wanaoihitaji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini B ya kudumu. Waliokuwa wamepimwa na kujijua ni asilimia 13, na waliokuwa kwenye tiba asilimia 3 tu, ingawa tenofoviri iliweza kununuliwa kwa dola 2.40 kwa mwezi. Hili ni pengo lisilokubalika. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2024 unaruhusu kidonge cha tenofoviri na lamivudini pale ambapo tenofoviri pekee haipatikani. Faida yake hapo ni upatikanaji: programu za Ukimwi zimekuwa zikiagiza dawa hizo kwa miaka mingi.

Anayetumia TLD asikubali kubadilishiwa dawa kabla ya kupimwa homa ya ini B. Sindano za kabotegraviri na rilpivirini, zinazochomwa kila baada ya miezi miwili, hudhibiti virusi vya Ukimwi bila kugusa vya ini. Tenofoviri ikiondolewa ghafla, virusi vya ini vinaweza kuibuka upya na kulishambulia ini vikali, wakati mwingine hadi kuua. Kipimo cha awali ni tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka ndani ya dakika chache.