Kabla ya Kununua Difu ya Pikapu Yako, Hesabu Meno

Mjomba wangu wa Msambweni ana pikapu ya Toyota Hilux ambayo umri wake unakaribia wangu. Kwa miaka mingi imempa riziki: hupakia simiti na mabati Ukunda akapandisha Kwale mpaka Kinango, na akirudi hushuka na maembe au machungwa ya Shimba Hills. Mwaka jana difu ikaanza kuvuma, ikavuma mpaka siku moja ikasaga meno. Fundi akamtafutia nyingine ya eksi-Japani, ikaingia bila kulazimishwa, gari likatoka gereji likiwa kimya. Mjomba akalipa, akamshukuru Mungu.

Wiki ya kwanza aliisifu. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, gari lilikuwa likiteleza tu. Wiki ya pili akapakia simiti. Alipotoka Kombani kuanza kupanda mlima wa Kwale, gia ya tatu ikakataa, akarudi ya pili, na penye kona kali akajikuta kwenye ya kwanza, klachi ikinuka. Kabla mwezi haujaisha, klachi ikafa.

"Mjomba," nilimuuliza, "difu ya zamani ilikuwa ya meno mangapi?"

"Meno? Mwanangu, mimi nilinunua difu, sikununua meno."

Kumbe alichonunua ni meno hasa.

Difu hufanya kazi gani

Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, ikafuata propela shafti mpaka nyuma. Mle ndani ya difu, mwisho wa propela, kuna gia ndogo iitwayo pinioni. Hiyo huizungusha gia kubwa ya duara, kraunwili, nayo kraunwili ndiyo inayozungusha magurudumu. Ukigawa meno ya kraunwili kwa meno ya pinioni unapata uwiano wa difu. Kraunwili ya meno 43 na pinioni ya meno 10 ni 4.3: propela izunguke mara 4.3 ndipo gurudumu lizunguke mara moja.

Namba ikiwa kubwa, gurudumu linapata nguvu zaidi ya kusukuma, lakini injini hulazimika kuzunguka mara nyingi kwa mwendo uleule. Namba ikiwa ndogo, injini inapumua kwenye lami, lakini mlimani inakosa msuli. Hakuna difu inayokupa yote mawili.

Kwenye Hilux za zamani utakutana na 39 kwa 8, yaani 4.875, 41 kwa 9, yaani 4.556, 43 kwa 10, yaani 4.3, 41 kwa 10, yaani 4.1, 43 kwa 11, yaani 3.909, na 41 kwa 11, yaani 3.727. Nyingi kati ya hizo kwa nje hufanana kama mayai. Ndiyo maana fundi anaweza kukufungia isiyo yako na nyote wawili msijue. Tulipohesabu, difu ya zamani ya Mjomba ilikuwa 43 kwa 10. Hii mpya ilikuwa 41 kwa 11. Kwa mabadiliko hayo tu, magurudumu yake yalipoteza asilimia 13 ya nguvu ya kusukuma katika kila gia.

Hesabu ya barabarani

Tuchukue tairi la 195R14, ambalo likizunguka mara moja hutembea takriban mita 2.1. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 635 kwa dakika. Ukiwa kwenye gia ya nne, ambayo katika magari mengi ya aina hii haiongezi wala kupunguza kitu, zidisha 635 kwa namba ya difu. Kwa difu ya 4.875 injini inazunguka mara 3,100 hivi kwa dakika; kwa 4.3 ni kama 2,730, kwa 3.727 ni kama 2,370.

Mtu akiona hesabu hiyo husema, "Basi ndogo ndiyo inayookoa mafuta." Ni kweli, ikiwa gari ni tupu au lina mzigo mwepesi, na njia ni tambarare kama ile ya Tiwi mpaka Msambweni. Lakini injini ndogo ya pikapu kuukuu, ikiwa na mzigo, haiwezi kuvuta ikizunguka polepole mno. Mjomba aligundua kwamba gia ya tano imekuwa pambo. Kila akiiweka gari linalegea, anarudi ya nne. Na mlimani alishinda kwenye gia ya pili huku akikanyaga mafuta mpaka chini. Petroli aliyodhani ataiokoa Gazi ilimwagika Kwale.

Usisahau tairi

Wengi wetu tukipata pesa kidogo tunafunga tairi kubwa zaidi, gari lisimame juu kwa ajili ya barabara za vumbi za ndani. Tairi kubwa hufanya kazi sawa na kupunguza namba ya difu. Ukitoka kwenye tairi la mita 2.1 kwenda la mita 2.3, difu yako ya 4.3 inafanya kazi kama ya 3.9. Hesabu yake ni hii: chukua namba ya difu, zidisha kwa mzunguko wa tairi la zamani, gawa kwa mzunguko wa tairi jipya. Kwa hiyo anayeongeza tairi na wakati huohuo akapunguza namba ya difu amejikata mara mbili.

Kushuka nako ni kazi

Jambo hili ndilo lililonifanya niandike. Tunapozungumzia difu tunafikiria kupanda tu. Lakini mji wa Kwale uko kilimani, na kila kilichopanda kitashuka. Ukiteremka na mzigo, injini ikiwa kwenye gia ya chini hulizuia gari lisikimbie, na breki zinapumzika. Difu ya namba ndogo hupunguza kizuizi hicho. Dereva aliyezoea kushuka na gia ya tatu ataona gari linamponyoka, atashikilia breki njia nzima, na breki za pikapu ya zamani zikishika moto huacha kushika.

Kisha kuna mshale wa spidi. Katika magari mengi ya zamani kebo yake hutoka kwenye giaboksi, kwa hiyo haijui kwamba umebadilisha difu. Mshale wa Mjomba ukionyesha 80, gari lilikuwa linakwenda kilomita 92. Alikuwa akipita mbele ya shule na masoko akiamini anakwenda pole.

Uchague ipi?

Anza na kazi ya gari, si na bei ya difu. Kama siku nyingi unapakia mzigo wa kweli na kupanda Kwale, Kinango au ndani ya Shimba Hills, tafuta 4.556 au 4.875, na ukubali kwamba kwenye lami utakwenda kwa utulivu huku injini ikipiga kelele. Kama kazi yako ni samaki wachache au bidhaa nyepesi kati ya Likoni, Diani na Lunga Lunga, 3.909 au 4.1 itakufaa. Kama unachanganya yote, 4.3 ni ya katikati. Na kama gari lilikuwa likifanya kazi yake vizuri, rudisha namba ileile liliyokuwa nayo.

Kuijua namba ya sasa si lazima ufungue difu. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki na uliegemeze gari kwenye stendi imara, gia iwe huru na breki ya mkono iachiliwe. Piga alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi hilo mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, mara 20 hizo ni sawa na mizunguko 10 ya kraunwili. Propela ikizunguka mara 43, difu yako ni 4.3. Difu iliyolala dukani ni rahisi zaidi: hesabu meno ya kraunwili, hesabu ya pinioni, gawa.

Mambo mawili ya mwisho kabla ya kulipa. Kwanza, kraunwili na pinioni ni mtu na mkewe, zilisagwa pamoja kiwandani. Usikubali kuchanganyiwa moja ya huku na nyingine ya kule, zitavuma na kulana. Pili, kama pikapu yako inavuta magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano sawa. Zikitofautiana, siku utakapoingiza nne kwenye lami kavu zitavutana mpaka kimoja kivunjike.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Mjomba alinunua difu iliyokuwepo, kisha akanunua klachi, kisha akanunua difu ya pili, safari hii 41 kwa 9. Sasa anapanda Kwale kwa gia ya tatu, simiti zikiwa nyuma. Namba hiyo ameiandika kwa kalamu ya wino mzito chini ya boneti, ili fundi yeyote atakayekuja baada yake asibahatishe. Nawe andika yako leo, difu ikiwa bado nzima.