Kalenda ya Watunzi wa Mto Tana

Ukutani pa afisi moja hapa Garsen palitundikwa kalenda iliyoeleza, siku kwa siku, habari za waandishi wa dunia. Tarehe 23 Aprili, kwa mfano, ilitukumbusha kwamba siku hiyo mwaka 1616 alifariki Shakespeare. Kalenda ya namna hii yafaa sana, kwa maana asomaye habari za watunzi kila asubuhi huona haya kuiacha kalamu yake ikauke. Lakini niliipekua toka Januari hadi Desemba nisione hata siku moja ya Mto Tana. Je, mto huu haukuzaa neno?

La, sivyo. Kule mto uingiapo baharini ndiko Ozi na Kipini, nchi ya Fumo Liyongo. Wazee husimulia kwamba alipofungwa alimwagiza mama yake kwa wimbo: amfanyie mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wakala vyakula vizuri, wakamwachia mfungwa wishwa. Kwa tupa ile akakata minyororo. Neno lilimwokoa. Hadithi hiyo ilipita vinywani kwa vizazi vingi. Mwaka 1870 Edward Steere aliichapisha London, na mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu akaitungia utenzi.

Tena tazameni Ngao, jirani yetu, ambapo misheni ilianzishwa mwaka 1887. Huko Ferdinand Würtz aliandika nyimbo za Wapokomo katika miaka ya 1890. Na mwaka 1963, Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa, sauti yake ilitolewa katika wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Kilichoimbwa kando ya kitanda sasa husimamiwa na taifa zima.

Ndugu wasomaji, mimi mwenyewe ni mdaiwa. Mzee mmoja aliyejua nyimbo za wapiga kafi aliniambia, "Mwanangu, njoo na karatasi." Nikamjibu, "Babu, ngoja nimalize hesabu za mwezi." Mto ukafurika, njia ikakatika. Niliporudi kijijini kwake nilionyeshwa kaburi. Hesabu za mwezi ule zimo katika faili, zina nambari na muhuri. Nyimbo za mzee hazimo popote.

Basi yeyote ajuaye kusoma, awe mkulima au karani, na anunue daftari. Kila jioni aandike jambo moja alilolisikia: tarehe, jina la msimulizi na kijiji chake. Aliandike kwa lugha ya msimulizi, kiwe Kipokomo, Kiorma au Kiswahili, wala asiyasahihishe maneno ya mzee. Mwaka ukiisha atakuwa na kalenda yake mwenyewe, na huenda ndani yake mtunzi wa kesho akapata mbegu ya utenzi.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema mali, nasi tuseme na maneno pia.