Sentimita Mbili za Beijing

Kanuni za kuogelea humpa ushindi yule aliyeubonyeza ukuta wa kumalizia kwanza, hata kama vidole vya mwenzake vilikuwa vimekwisha kuukaribia kuliko vyake, na ni kanuni hiyo iliyoamua fainali ya mita 100 za mtindo wa kipepeo katika Olimpiki ya Beijing, tarehe 16 Agosti 2008, Michael Phelps wa Marekani alipoandikiwa sekunde 50.58 na Milorad Čavić wa Serbia sekunde 50.59. Rekodi ya dunia, 50.40 ya Ian Crocker, haikuguswa siku hiyo; hata hivyo, ni mbio chache za rekodi zinazofunua vizuri kama hizo maana halisi ya tarakimu zinazoitwa rekodi.

Saa husimamishwa na bamba la kugusia, ambalo ni kidude chembamba chenye upana wa mita 2.4, kimo cha sentimita 90 na unene wa sentimita 1 hivi, kinachotundikwa ukutani katika kila njia, sehemu yake kubwa ikiwa majini. Mawimbi yakilipiga bamba hilo halijibu, kwa kuwa limeundwa lingoje msukumo wa mkono. Phelps aligeuka katika mita 50 akiwa wa saba, nyuma ya Čavić kwa sekunde 0.62, na mita chache kabla ya mwisho Mserbia huyo bado aliongoza. Hapo Čavić alipiga pigo lake la mwisho, akanyoosha mikono na kujiachia ateleze, kama ngalawa iliyokwisha tua tanga inavyojiendea kwa mwendo uliosalia. Phelps, aliyekuwa mbali mno kwa kuteleza na karibu mno kwa pigo zima, alichopeka nusu pigo, mikono ikapita juu ya maji na kushuka kwenye bamba na uzito wake wote. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba alidhani nusu pigo hilo limemkosesha ushindi.

Serbia iliwasilisha pingamizi, na aliyelikataa alikuwa mwamuzi kutoka Kenya, Ben Ekumbo. Maelezo yake yalikuwa mafupi: picha zilikaguliwa moja baada ya moja, kwa kipimo kinachofikia sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, zikaonyesha wazi kwamba Mserbia aligusa wa pili, kwa sababu mmoja alikuwa anapiga maji na mwingine anateleza. Uzuri wa hoja hiyo ni kwamba haikujihangaisha na nani alikuwa mbele. Ilitazama mikono ilikuwa ikifanya nini. (Mkenya mwingine, Jason Dunford, alikuwa majini katika fainali hiyohiyo na akamaliza wa tano; katika mchujo aliishika rekodi ya Olimpiki kwa 51.14, ikadumu dakika chache tu kabla ya Čavić kuivunja kwa 50.76.)

Lakini kama kamera huona elfu kumi, mbona matokeo hukomea kwenye mia? Jibu liko Munich, mwaka 1972, ambako Gunnar Larsson wa Sweden alimshinda Tim McKee wa Marekani katika mita 400 za mitindo minne kwa sekunde 0.002, sawa na milimita 3 hivi za maji. Baadaye elfu ziliachwa, na wanaolingana kwenye mia wakawa wanagawana nafasi, kwa kuwa hakuna fundi awezaye kujenga njia nane zenye urefu sawa kwa kiwango hicho. Kanuni za wakati wa Beijing ziliruhusu njia ya mita 50 izidi kwa hadi sentimita 3. Kwa mwendo wa Phelps, sehemu moja ya mia ya sekunde ni sentimita 2. Je, sentimita hizo zilikuwa za muogeleaji au za mwashi? Picha za Ekumbo zilijibu kuhusu mikono. Kuhusu ukuta hazikuulizwa.

Čavić aliyakubali matokeo hadharani. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya dunia huko Roma, aliweka rekodi ya dunia ya 50.01 katika nusu fainali, kisha katika fainali akaogelea 49.95, kwa kasi kuliko rekodi yake mwenyewe, na kuondoka na medali ya fedha, maana Phelps aligusa kwa 49.82.