Kuyafuata Maji ya Rusumo

Mtoto wa Ngara huijua Rwanda kabla hajajua kusoma. Anaiona ng'ambo ya mto, vilima vyake vimelimwa mpaka kileleni, na Kihangaza anachozungumza nyumbani kinamwezesha kuelewana na Mnyarwanda bila mkalimani. Lakini muulize mtu mzima wa Ngara, au wa Biharamulo, amewahi kwenda Rwanda kufanya nini. Atakwambia alikwenda kuuza, kununua, kuona ndugu au kupita na lori. Waliokwenda kuitazama nchi yenyewe, tena kwa miguu, ni wachache mno. Nawaandikia hao waliobaki. Nimeizunguka nchi hiyo mara mbili, na ninaamini njia nzuri kuliko zote ya kuijua ni kuyafuata maji ya Mto Kagera kutoka Rusumo kwetu, kinyume cha mkondo, mpaka yanakochipuka.

Huko Utah, Marekani, watu hupanga safari ya aina hii katika nchi kame. Hukodi gari, wakaunganisha hifadhi 5 za taifa: Zion, Bryce Canyon, Capitol Reef, Canyonlands na Arches. Gari huwafikisha langoni, miguu huwafikisha ndani, na hesabu yote ya siku hupigwa kwa lita za maji ya kunywa. Mpango wao tunaweza kuuazima. Tofauti ni kwamba kule maji ndiyo yanayokosekana, na huku maji ndiyo njia yenyewe.

Anzeni Biharamulo, penye boma la Wajerumani, ili miguu izoee kabla ya milima. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Wazee wanakumbuka miaka ambayo magari yalivuka mapori hayo kwa msafara, polisi wenye silaha wakiwa mbele na nyuma, kwa kuogopa majambazi. Leo unaweza kushinda kando ya Ziwa Burigi na askari wa hifadhi, ukitazama viboko na ndege. Siku moja inatosha. Kisha shikeni lami ya Lusahunga, Nyakahura na Benaco, mteremke Rusumo.

Hapo pana jambo la lugha ambalo wengi wetu tunalipita. Kwa Kinyarwanda, isumo ni maporomoko ya maji, na Rusumo ni jina lililotoka humo. Mto Ruvubu unatoka Burundi, unakutana na maji yanayotoka Rwanda juu kidogo ya maporomoko, na vyote viwili huporomoka pamoja. Siku hizi sehemu ya maji hayo hupita kwenye mitambo ya umeme wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Mjerumani von Götzen alivukia hapa mwaka 1894 akiingia Rwanda. Miaka 100 baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la zamani kwa muda wa kama siku moja tu, wakakaa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi ya Italia. Chini ya daraja hilo mto ulikuwa ukipitisha maiti. Ulizipeleka mpaka Ziwa Victoria, na huko Kasensero, Uganda, wavuvi na wanavijiji walizizika kwa maelfu. Kwa watu wengi wa rika langu, huo ndio mto wanaouona wakisikia neno Kagera. Sitaki tuusahau. Ila ninaona si haki mto mzima, na nchi nzima unakotoka, vibaki katika miezi hiyo michache.

Mpaka wenyewe umekuwa rahisi. Tangu 2016 kuna daraja jipya la njia mbili na kituo kimoja cha pamoja cha forodha na uhamiaji, kwa hiyo mnashughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Beba pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kama mna gari, kadi ya gari na ile bima ya COMESA ambayo madereva wa malori wataieleza vizuri kuliko mimi. Mifuko ya plastiki iacheni upande wetu. Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, na maofisa huitafuta kweli kweli. Mkiisha kuvuka, mambo mawili yanabadilika papo hapo. Saa inarudi nyuma kwa saa moja, na gari linahama kwenda kulia. Usukani wetu uko upande wa kulia, kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori haoni mbele. Anayekaa kushoto ndiye atakayemwangalizia, na asisinzie. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa uheshimuni: barabara zina kamera ambazo Wanyarwanda wamezipa jina la Sofiya, na Sofiya hasamehi.

Kabla ya kupanga tarehe, tazama kalenda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji. Kuanzia saa 2 mpaka saa 5 asubuhi maduka hufungwa na magari husimama. Safari yangu ya kwanza niliikuta siku hiyo nikiwa Kirehe. Tulikaa kando ya barabara tukiwaangalia watu wa kila umri, na kiongozi wao kati yao, wakizibua mtaro kwa majembe. Nilijifunza mengi kuhusu nchi ile kwa saa tatu hizo, lakini mtu mwenye siku chache heri avuke Ijumaa.

Mashariki ya Rwanda itawafanya mdhani hamjaondoka nyumbani: migomba, maharage, ng'ombe wenye pembe ndefu. Kiswahili ni lugha rasmi huko tangu 2017, lakini vijijini Kihangaza kitawafaa zaidi. Pale Kabarondo kata kulia kwenda Hifadhi ya Akagera. Ni hifadhi ya mwaka 1934 ambayo ilikaribia kufa. Mwaka 1997 zaidi ya nusu ya eneo lake iligawiwa kwa wakimbizi waliorejea na mifugo yao, simba wakaisha, na kifaru wa mwisho alionekana 2007. Kilichobaki ni kilomita za mraba 1,122. Mwaka 2010 Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ikaingia ubia na shirika la African Parks. Mwaka 2013 ukajengwa uzio wa umeme wa kilomita 120 upande wa magharibi, penye mashamba ya watu. Simba saba wakaletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, na faru weusi mwaka 2017. Upande wa mashariki, ambao ni wetu, mpaka wake ni mto, mafunjo na maziwa. Ukisimama kando ya Ziwa Ihema unaitazama Tanzania, na maji yaliyo mbele yako yamekwisha kupita Rusumo. Kuna matembezi ya miguu kando ya uzio pamoja na mwongozaji: kulia mashamba ya maharage, kushoto pundamilia. Sijaona mahali pengine ambapo ugomvi wa mtu na mnyama unaonekana umesuluhishwa kwa waya, na ukitembea hapo na mwenyeji atakusimulia ilivyokuwa kabla ya waya huo.

Kigali ni mji wa kulala usiku mmoja au miwili. Nendeni Nyamirambo, ambako Kiswahili kina nyumba tangu zamani, mle mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, mnywe ikivuguto, yaani maziwa mgando, kwenye vibanda vinavyouza maziwa peke yake. Nendeni pia Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari. Wamezikwa hapo watu zaidi ya 250,000. Mtu wa Ngara aliyeyaona ya Rusumo akiwa mtoto hatatoka pale kama alivyoingia, kwa hiyo msipange safari nyingine siku hiyo.

Kutoka Kigali mto wetu unaitwa Nyabarongo. Tulipouvuka nje ya mji ulikuwa mwekundu kama matofali, rangi ile ile tunayoiona Rusumo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule udongo ni vilima vya watu. Ndiyo maana mnapopanda kuelekea kaskazini mtaona kila mteremko umekatwa ngazi za matuta: mkulima anapigana na mto usimchukulie shamba.

Musanze iko chini ya volkano. Tano ziko upande wa Rwanda, na kubwa ni Karisimbi, yenye mita 4,507. Isimbi ni simbi la kombe, na mlima umepewa jina hilo kwa ule weupe wa barafu unaofunika kilele alfajiri nyingine. Kuupanda ni siku mbili, usiku mmoja mkilala mlimani. Matope hufika magotini, majani yanawasha hata juu ya suruali, na baridi yake si ya kuijaribu kwa sweta la Ngara. Asiye na pumzi ya kutosha apande Bisoke, mita 3,711, siku moja tu, juu kuna ziwa ndani ya kreta. Kati ya milima hii miwili ndipo Dian Fossey alipojenga kambi yake ya Karisoke mwaka 1967, na ndipo alipozikwa baada ya kuuawa mwaka 1985. Sokwe wakubwa wa milimani aliowapigania wapo, ila kibali cha kuwaona kwa mgeni wa mbali ni dola 1,500. Ulizia kwanza bei ya raia wa Afrika Mashariki, hapa na katika kila hifadhi. Tofauti ni kubwa. Maji ya mvua ya milima hii huingia maziwa ya Burera na Ruhondo, yakatoka kwa Mto Mukungwa, yakaungana na Nyabarongo. Kwa hiyo hata huku juu bado tuko juu ya maji ya Rusumo.

Ziwa Kivu halimo katika hesabu hiyo. Maji yake huenda Ruzizi, Tanganyika, kisha Kongo na Bahari ya Atlantiki. Kando yake kuna njia maarufu ya miguu na baiskeli, kilomita 227 kutoka Rubavu mpaka Rusizi. Tembeeni kipande cha siku moja, mle sambaza za kukaanga, zinazofanana na dagaa wetu, kisha msonge mbele. Msitu unangoja.

Nyungwe una kilomita za mraba 1,019, na mwaka 2023 uliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO. Ukitoka kwenye mashamba ya chai unaingia ndani yake ghafla, kama vile mtu amefunga mlango nyuma yako. Ukungu, miti yenye ndevu, mbega wanaotembea kwa makundi makubwa. Kuna aina 13 za nyani, kima na sokwe. Kituo cha Uwinka kina daraja la kamba za chuma lililotundikwa juu ya miti tangu 2010, urefu wa mita 160, na chini yake bonde. Nilishika kamba kwa mikono yote miwili, na katikati nikaona vilele vya miti ambavyo maisha yangu yote nimevitazama kutoka chini. Mwenye siku tatu au nne anaweza kutembea njia ya mgongo wa mlima, kilomita 42, akilala kwenye mahema. Ni mgongo ambao mvua ikinyesha juu yake hugawanyika: tone lililoangukia magharibi huenda Kongo, la mashariki huja kwetu.

Na lile la mashariki ndilo tulilolifuata. Nyabarongo huzaliwa na mito ya Mbirurume na Mwogo, na Mwogo hupokea Rukarara unaotoka Nyungwe. Mjerumani Richard Kandt aliufuata mwaka 1898 akasema hapa ndipo Nile inapoanza. Mwaka 2006 kundi lingine la wasafiri lilipanda mto wote kutoka baharini likafika kwenye msitu huo huo. Warundi hawakubali. Wanacho chanzo chao cha Rutovu, cha kusini zaidi, kikiwa na piramidi ya mawe juu yake tangu 1938, na maji yake huingia Ruvubu. Mimi mtu wa Rusumo sioni sababu ya kuwaamua, maana vyote viwili hupita kwetu.

Chemchemi ya Rukarara iko ndani ya msitu, upande wa Gisovu, na hufikiwa pamoja na mwongozaji. Nendeni Juni mpaka Agosti, kiangazi, vinginevyo utelezi utawarudisha. Njia inashuka, inapanda, inavuka vijito vya tope jeusi, na mwisho mnainama chini ya majani kutazama maji yasiyozidi upana wa kiganja, baridi, meupe kabisa. Hayajabeba udongo wa mtu bado. Mwongozaji wetu alituuliza tunatoka wapi. Tulipomjibu Ngara, akasema mama yake alikaa Benaco miaka miwili na alikuwa akiteka maji bwawani huko. Hakusema zaidi. Alikunja jani likawa kikombe, akatuchotea mmoja mmoja.

Kutoka hapo mpaka Rusumo kwa gari ni siku nzima: Huye, Kigali, Ngoma, Kirehe. Ondokeni alfajiri. Mkivuka daraja, rudini kushoto, na saa isogezwe mbele.